Video za Vita vya Kivu na Faragha ya Wanaoonekana Ndani Yake

Msomaji mmoja wa Kisoro ametuandikia kwamba yeye na wenzake, baadhi yao Waganda na wengine wakimbizi kutoka Kongo, hukusanya video za vita vya Kivu Kaskazini zinazosambazwa kwenye WhatsApp, TikTok, X na Telegram. Huzichunguza ili kujua zilipigwa wapi na lini, kisha huchapisha matokeo yao ili kukanusha uongo unaoenezwa na pande zote. Mwenzao mmoja anashikilia kwamba kitu kilichokwisha kuwekwa hadharani hakina faragha tena, na kwamba sheria ya Uganda haihusu watu wa nchi nyingine. Kilichowagawa zaidi ni video ya kijana aliyetekwa, akihojiwa huku amefungwa mikono, ambayo waliichapisha. Mtu anayesema ni dada yake, anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ameomba iondolewe, na nusu ya kikundi inakataa kwa sababu video hiyo ni ushahidi.

Ndugu msomaji, mwenzako amekosea katika hoja zote mbili, ijapokuwa ile ya kwanza huwapotosha hata watu wanaofanya kazi hii kwa mshahara. Taarifa kuwa hadharani kunajibu swali moja tu, la jinsi ulivyoipata: hukudukua simu ya mtu, hukumhonga mlinzi wa ofisi, hukujifanya mtu mwingine. Swali la pili, yaani una haki ya kuifanyia nini, linabaki pale pale, na wakati wa vita ndilo linaloweza kumgharimu mtu maisha yake.

Anzeni kwa kuuliza ni nani aliyeiweka hadharani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka taarifa binafsi zichukuliwe kwa mhusika mwenyewe, kisha inaweka vighairi, na kimojawapo ni pale mhusika alipoitoa taarifa hiyo kwa umma kwa makusudi. Mpiganaji anayejirekodi akijigamba juu ya gari lililotekwa, kisha akaiweka video kwenye akaunti yake, ameitoa taarifa yake kwa makusudi. Kijana aliyepigishwa magoti mbele yake hakutoa chochote. Aliyemrekodi ndiye aliyetoa, na pengine alifanya hivyo ili kumdhalilisha au kuwatisha wenzake. Mama anayepita nyuma yao na godoro kichwani kuelekea mpakani Bunagana hajui hata kwamba yumo. Video moja, basi, ina watu wa hali tatu tofauti, na hoja ya mwenzako inamgusa mmoja wao tu, tena yule ambaye faragha yake haitunyimi usingizi.

Kuhusu uraia sina haja ya kurefusha. Sheria hiyo inamhusu kila mtu, taasisi au chombo cha umma kinachokusanya, kuchakata, kuhifadhi au kutumia taarifa binafsi ndani ya Uganda, bila kuuliza pasipoti ya anayezungumziwa. Tena inavuka mipaka na kuwafuata walio nje wanaokusanya taarifa za raia wa Uganda. Nyinyi mmeketi Kisoro na kompyuta yenu iko Kisoro, kwa hiyo mmo ndani yake hata kama kila uso mlio nao ni wa Rutshuru au Masisi. Ibara ya 27 ya Katiba, ambayo ndiyo shina la sheria hiyo, nayo inazungumzia faragha ya mtu na si ya raia peke yake. Kanuni za mwaka 2021 zinawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa wajisajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na kwa kikundi ambacho tayari kina mafaili ya watu, mimi ningejisajili kabla ya kuulizwa. Nimekutana na vijana wanaoamini kwamba kinga ya waandishi wa habari itawaokoa. Wengi wao wameisikia kutoka Nairobi, kwa kuwa sheria ya Kenya, ambayo nayo ni ya 2019, ina kifungu kinachotaja uandishi wa habari waziwazi. Msikitegemee kifungu cha jirani mkiwa upande huu wa mpaka.

Mnacho hata hivyo kitu cha kujitetea. Sheria yetu inaruhusu taarifa kukusanywa bila ridhaa pale inapohitajika kwa usalama wa taifa, au kwa kuzuia, kugundua, kuchunguza na kushtaki makosa. Usalama wa taifa uachieni wenye dhamana hiyo, lakini uchunguzi wa makosa ni hoja ambayo kikundi kinachokusanya ushahidi wa mauaji kinaweza kuisimamia mbele ya mtu mwenye haki. Uzito wake uko katika sharti la kuhitajika. Kuhifadhi video nzima, pamoja na uso wa marehemu na sauti ya muuaji, kunahitajika kwa uchunguzi. Kuuweka uso huo TikTok ili watu elfu kumi wautazame hakuhitajiki kwa uchunguzi wowote ninaoufahamu.

Hapa sina budi kutaja pengo ambalo nadhani Bunge letu lilipaswa kuliziba. Sheria inataja taarifa za aina ya pekee ambazo zimewekewa katazo kali zaidi: imani ya dini au falsafa, maoni ya kisiasa, maisha ya kimapenzi, hali ya kifedha, afya na kumbukumbu za matibabu. Kabila halimo katika orodha hiyo. Kenya wamelitia kwao. Kwa mtu wa Kampala anayeomba mkopo kwa simu pengo hilo huenda lisimdhuru, lakini kwa mtu wa Ituri au Kivu Kusini, mahali ambapo kuitwa Mlendu, Mhema au Munyamulenge kumewahi kutosha kuwa sababu ya kuuawa, hakuna taarifa iliyo hatari kuizidi. Basi jiwekeeni wenyewe sharti ambalo sheria haikuliweka: msiandike kabila la mtu kwa kulikisia kutokana na sura, jina au lafudhi, na pale ambapo kabila ni sehemu ya kosa lenyewe, kwa mfano wauaji wanapolitamka kwenye video, andikeni kile walichokitamka wao, bila kuongeza hukumu yenu juu ya mwathirika ni nani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna bunge litakalowatatulia, nalo ni mahali pa kamera. Mnapolinganisha umbo la kilele cha Mikeno au Nyiragongo, paa la kanisa na mnara wa simu na picha za setilaiti, mnapata majibu mawili kwa mpigo: mahali tukio lilipotokea, na mahali aliposimama aliyelirekodi. Wasomaji wenu hutazama lile la kwanza. Mwenye bunduki anayetaka kujua ni nani aliyemrekodi hutazama la pili. Mapigano ya mjini, kama yale ya Goma mwishoni mwa Januari 2025, hurekodiwa mara nyingi na watu waliojificha nyuma ya pazia au juu ya paa, na mchunguzi anayechora mstari mwekundu juu ya picha ya setilaiti kutoka barabarani hadi kwenye kamera, kwa fahari ya kuonyesha ustadi wake, amechora mshale unaoelekea kwenye chumba cha mtu. Pembe ya picha inaonyesha ghorofa. Urefu wa vivuli unaonyesha saa, na saa inawaambia majirani ni nani aliyekuwa nyumbani. Ikisikika sauti ikinong'ona nyuma ya kamera, hata lafudhi haihitajiki tena, kwa kuwa mtaa mzima unaijua sauti hiyo. Aliyeirekodi anaweza kuwa amekwisha kuifuta video yake kwa woga siku ile ile, lakini mshale wenu unabaki mtandaoni na jina la kikundi chenu chini yake.

Kwa hiyo tenganisheni mnachokijua na mnachokionyesha. Kwenye faili lenu wekeni nukta kamili za mahali, hesabu za vivuli na mstari wa kamera; kwa umma tajeni mtaa au kilima, chapisheni baada ya siku kadhaa kupita, na onyesheni ulinganifu wa milima bila kuonyesha mahali pa kutazamia. Ondoeni sauti isipokuwa kama sauti yenyewe ndiyo ushahidi. Uso ufunikwe kwa rangi nzito isiyopenyeka, kwa sababu ukungu mwepesi unaoacha umbo la uso unaweza kukadiriwa upya kwa programu, na mkumbuke kwamba shati, kovu na mwendo humtambulisha mtu kwa watu wake hata asipokuwa na uso. Mpeni kazi mmoja wenu aitazame video fremu kwa fremu kabla haijatoka, kwa sababu mfuniko huteleza mtu anapogeuka, na fremu moja inatosha.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa wenye bidii. WhatsApp hufuta taarifa zilizofichwa ndani ya picha, zikiwemo nukta za mahali, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Ikitumwa kama dokumenti, taarifa hizo hubaki kama zilivyokuwa kwenye simu iliyopiga. Wachunguzi wengi huomba watumiwe kama dokumenti ili ubora usipotee, na kwa uchunguzi wana haki ya kuomba hivyo, lakini mkipokea faili la namna hiyo na mkalisambaza jinsi lilivyo, mmempa kila mpokeaji anwani ya aliyewaamini. Vivyo hivyo na picha ya skrini inayoacha namba ya simu ya mtu wa kundi la WhatsApp ikionekana pembeni.

Msinielewe kana kwamba nawaambia muache. Mwaka 2018 ilisambaa video ya askari wakiwapiga risasi wanawake wawili na watoto wao wadogo. Serikali ya Kameruni iliikana mwanzoni na kuiita habari ya uongo. BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, waliulinganisha mstari wa milima na picha za setilaiti, wakakipata kijiji cha Zelevet kaskazini mwa nchi hiyo, wakatumia majengo na vivuli kukadiria wakati wa tukio, na mwaka 2020 askari wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10. Waliotajwa walikuwa askari waliotuhumiwa, na sababu ya kuwataja ilikuwa wazi. Kumtaja mtuhumiwa ni jambo linalowezekana kuhalalishwa, lakini linadai kiwango cha juu cha uhakika: angalau njia mbili zisizotegemeana, na swali la mwisho la iwapo hoja yenu ingesimama bila jina. Ikiwa ingesimama, jina libaki kwenye faili.

Programu za kutambua nyuso siwashauri hata kidogo. Katika vita vya Ukraine, tangu Machi 2022, programu ya kampuni ya Marekani ya Clearview AI, iliyojengwa kwa mabilioni ya picha zilizokombwa mitandaoni bila ridhaa, imetumika kutambua maiti za askari wa Urusi, na familia kadhaa zikapelekewa picha za marehemu wao. Mwaka huo huo mamlaka za Italia na Ufaransa ziliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 20 kila moja kwa kuvunja sheria za data. Kwetu kuna sababu ya ziada ya kuziogopa: uchunguzi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba makosa ya kumfananisha mtu na mwingine yalikuwa ya juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Mtu atakayelipia kosa la programu hizo huko Kivu hatalipia kwa faini.

Swali ambalo hukuliuliza, lakini naliona nyuma ya barua yako, ni la ndugu zenu waliobaki ng'ambo ya mpaka, Kongo. Nyinyi mnapochunguza tukio la wiki iliyopita, mnaandika historia. Binamu wa rafiki yenu anapowatumia leo asubuhi mahali ambapo mizinga imepangwa, nanyi mkalipeleka jambo hilo kwa upande wowote au mkalichapisha mara moja, mmetoka kwenye uchunguzi na kuingia vitani. Ukraine ilifungua njia rasmi, kupitia programu yake ya huduma za serikali, ya raia kuripoti vikosi vya Urusi, na wanasheria hawajaacha kubishana juu ya hatari waliyotwishwa raia hao. Mwongozo wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wa mwaka 2009 unahesabu kupeleka taarifa za kulengea shabaha kuwa kushiriki moja kwa moja katika mapigano, na raia anayeshiriki hivyo hupoteza kinga yake dhidi ya kushambuliwa kwa muda anaofanya tendo hilo. Nao walinzi wa kizuizi cha barabarani, wakiukuta ujumbe huo kwenye simu ya binamu, hawatafungua mwongozo wowote. Taarifa za wakati huo huo za mahali pa majeshi msizipokee. Mkitumiwa bila kuomba, futeni na mwambieni aliyetuma afute.

Kuhusu kuhifadhi, kumbukeni kwamba hata Kamati hiyo ya Msalaba Mwekundu, yenye wataalamu na bajeti yake, ilitangaza Januari 2022 kwamba wadukuzi wamefikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa waliotenganishwa na familia zao au waliopotea. Majina ya wanaowatumia video yasikae kwenye kompyuta moja na video zenyewe. Diski isimbwe fiche. Simu inayovuka Bunagana isiwe na kitu cha kikundi ndani yake. Mkitumia hifadhi ya mtandaoni, jueni kwamba mara nyingi mnazipeleka taarifa nje ya Uganda, jambo ambalo sheria yetu huliruhusu tu kukiwa na ulinzi unaolingana na wetu au ridhaa ya mhusika. Na VPN, ambayo wengi tuliizoea baada ya Facebook kufungwa Januari 2021, hubadilisha njia ya kupita tu. Haifichi kilichomo ndani ya faili.

Nimefika kwa kijana wenu. Mikataba ya Geneva, ambayo Uganda iliiingiza katika sheria zake mwaka 1964, inaagiza katika kifungu cha 13 cha mkataba wa tatu kwamba mateka wa vita walindwe dhidi ya matusi na udadisi wa umma. Na kifungu cha 3, kinachoshirikiwa na mikataba yote minne, kinakataza udhalilishaji wa utu hata katika vita visivyo vya mataifa mawili, kwa hiyo hamna haja ya kuamua kwanza vita vya Kivu ni vya aina gani. Wajibu huo unawabana kwanza wenye silaha, lakini aliyekirudia kitendo chao mbele ya umma ameikamilisha nia yao, hata kama maelezo yake ya chini yanawalaani. Iondoeni.

Wenzenu wanaosema ni ushahidi wana haki ya kuogopa isipotee. Mwaka 2017 mifumo ya YouTube ilifuta video nyingi sana za vita vya Syria, na wanaharakati wakahangaika kuziokoa. Lakini ushahidi haupotei kwa kutoonekana. Mwaka huo huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata kamanda wa Libya, Mahmoud Al-Werfalli, ikitegemea kwa sehemu kubwa video za mauaji zilizosambazwa mitandaoni. Nguvu ya video hizo ilitokana na asili yake na uthibitisho wake, wala si idadi ya waliozitazama. Nasi Waganda tulishuhudia kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA, aliyehukumiwa mwaka 2021 kifungo cha miaka 25: mahakama ile ile iliwasikiliza mashahidi wengi kwa namba badala ya majina, wengine wakiwa wamefunikwa nyuso na kubadilishwa sauti, na hukumu haikupungua uzito. Hifadhini nakala halisi bila kuigusa, pamoja na anwani ilikotoka, tarehe na saa mliyoipokea, na alama yake ya SHA-256, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe, ili yeyote aweze kuthibitisha baadaye kwamba haikubadilishwa. Itifaki ya Berkeley, mwongozo wa kuchunguza taarifa za mitandaoni uliotolewa na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha California mwaka 2020, ndiyo ninayoifuata katika hatua hizo, nami nawashauri muisome yote. Mahali pa video mnaweza kubakiza maelezo ya maneno: wilaya, tarehe, kundi lililomshika, na kwamba nakala kamili ipo kwa ajili ya wachunguzi wenye mamlaka.

Mjibuni dada kwa maandishi, mkimweleza mlichokiondoa, mlichokihifadhi na sababu yake, na mwelekezeni kwa Msalaba Mwekundu wa Uganda, ambao wana huduma ya kuwatafuta ndugu waliopoteana. Ila kabla ya kumwambia lolote zaidi, hasa mahali ilipopigwa au nani aliyewatumia, thibitisheni kupitia mtu mnayemfahamu pale Nakivale kwamba ni dada kweli, kwa maana ombi kama hilo linaweza pia kuandikwa na mtu anayemtafuta aliyerekodi. Video ya hadharani mtaiondoa kwa vyovyote vile, awe dada au asiwe.